Dkt Trowell: Tabibu aliyetambua mapema hatari ya maradhi ya moyo

MADEREVA wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka katika miji ya Malaba na Busia hushinda wameketi, huku chipsi, nyama choma na chai iliyokolea sukari zikiwa karibu nao.

Hatari ya maisha ya aina hiyo iligunduliwa kitambo na daktari Mwingereza aliyehudumu pande zote mbili za mpaka huo.

Hugh Carey Trowell alizaliwa mwaka wa 1904, akasomea udaktari London na kuwasili Kenya mwaka wa 1929 akiwa tabibu wa serikali ya kikoloni. Mnamo 1935 alihamia Uganda, akawa akitibu na kufundisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Sifa zake zilienea kwanza kutokana na utafiti wake kuhusu kwashiakor, utapiamlo uliowaua watoto wengi. Yeye na wenzake walichapisha kitabu kuuhusu mwaka wa 1954.

Hata hivyo, kilichomshangaza zaidi ni ugonjwa ambao hakuuona. Wagonjwa Waafrika walijaa wodini, lakini mshtuko wa moyo unaosababishwa na kuziba kwa mishipa ulikuwa adimu mno. Mwaka wa 1956 ndipo alipochapisha, pamoja na mwenzake, taarifa ya Mwafrika aliyeupata. Alikuwa mtu wa cheo, mnene, aliyezoea mlo wa Kizungu.

Trowell alirejea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana. Lakini swali la Mulago halikumtoka akilini. Mnamo 1972 alitoa hoja kwamba makapi ya nafaka, maharagwe na mboga hukinga moyo. Kisha akashirikiana na Denis Burkitt, daktari mwingine wa Mulago, kuhariri vitabu vilivyotoka 1975 na 1981. Alifariki mwaka wa 1989.

Sayansi ya baadaye imeonyesha kwamba hakuwa na jibu lote. Mafuta ya wanyama, sigara, shinikizo la damu, kisukari na urithi wa kifamilia pia huchangia. Lakini kuhusu makapi hakukosea: baadhi yake hunasa nyongo tumboni, na ini hulazimika kutumia kolesteroli ya damu kutengeneza nyongo nyingine.

Kwa wakazi wa Busia, tiba hiyo haiko mbali. Ugali wa wimbi au mtama, kunde, maharagwe na mrenda ni vyakula vya Wateso na Waluhya tangu jadi.

Kolesteroli nyingi haina maumivu wala dalili, hivyo kipimo cha damu pekee ndicho hufichua siri hiyo. Kwa kawaida, jumla inayozidi milimoli 5 kwa lita humfanya daktari achunguze zaidi, hasa aina mbaya iitwayo LDL.

Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kutegemea mlo pekee. Na dereva anayengoja muhuri mpakani anaweza kutumia saa moja ya foleni hiyo kupimwa.