Beryl Markham: Rubani wa Njoro aliyevaa suruali bila kuomba ruhusa

KILA alfajiri katika mtaa wa Kiganjo, karibu na mji wa Thika, wanawake waliovaa suruali na kunyoa nywele hupanda matatu kwenda kazini bila mtu yeyote kugeuza shingo. Haikuwa hivyo daima. Mnamo Oktoba 2000, wafuasi wa kundi la Mungiki waliwavua nguo wanawake waliokuwa wamevaa suruali katika mtaa wa Kayole, jijini Nairobi. Novemba 2014, mamia ya wanawake waliandamana katikati ya jiji hilo baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwa madai kwamba hakuvaa kwa heshima, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likaongeza kosa hilo katika sheria za jinai.

Safari ya suruali kutoka kabati la mwanamume hadi la mwanamke nchini Kenya ni ndefu, nayo ina watu wake. Mmoja wao ni Beryl Markham, mkufunzi wa farasi na rubani aliyelelewa Njoro, ambaye tangu utotoni hadi uzeeni alivaa, akafanya kazi na kutembea kwa namna iliyowafanya wengi washindwe kumweka upande wa wanaume au wa wanawake. Lugha ya Kiswahili, aliyoizungumza tangu utotoni, ilimfaa mtu kama yeye: sentensi yetu haimwambii msikilizaji kama anayesemwa ni mke au ni mume.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza, akaitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mwanajeshi wa zamani na bingwa wa farasi aliyekuja kutafuta bahati katika nchi ambayo wakati huo Waingereza waliitawala kwa jina la Himaya ya Afrika Mashariki. Alipata shamba Njoro, kando ya msitu wa Mau, akajenga kiwanda cha kupasua mbao na kinu cha kusaga unga, na juu ya yote hayo akafuga farasi wa mashindano. Mama yake, Clara, hakuyaweza maisha hayo. Mwaka 1906 alirudi Uingereza pamoja na mwanawe wa kiume, Richard, akamwacha binti mdogo mikononi mwa baba.

Kidonda hicho hakikupona kamwe. Hata hivyo, kutokuwapo kwa mama nyumbani kulimaanisha pia kwamba hapakuwa na mtu wa kumfunza binti huyo jinsi msichana wa Kiingereza anavyopaswa kuketi, kusema na kuvaa. Mke wa Bwana Delamere, mlowezi maarufu wa jirani, alimtupia jicho alipoweza, lakini naye alifariki mwaka 1914. Malezi ya kila siku yalifanywa na familia za wafanyakazi wa shamba, Wanandi na Wakipsigis, ambao baadaye wangejumuishwa katika jina la Wakalenjin.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii. Pamoja naye alikwenda pekupeku msituni na mbugani, akajifunza kutupa mkuki, kuruka juu kushindana na wavulana na kuufuata unyayo wa nguruwe mwitu nyuma ya arap Maina, baba yake Kibii. Uwindaji katika jamii hizo ulikuwa kazi ya wanaume, na msichana wa Kinandi wa rika lake asingeruhusiwa kuandamana nao. Beryl aliruhusiwa kwa kuwa hakuwa chini ya mila hizo, na pia, tusisahau, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwenye shamba. Tangu mwanzo uhuru wake ulikuwa na sehemu mbili: moja aliipata kwa ushupavu wake, nyingine alizaliwa nayo.

Ushupavu haukukosekana. Alipokuwa mtoto alishambuliwa na simba aliyefugwa na jirani wa Kizungu aitwaye Elkington, akaponea chupuchupu. Alipelekwa shule Nairobi akafukuzwa. Nyumbani alipanda farasi kama wavulana, mguu huku na mguu kule, ilhali kule Uingereza bado wako wanawake walioketi upande mmoja wa tandiko ili rinda lisivurugike.

Mwaka 1919, akiwa hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves, mwanajeshi aliyekuwa pia mchezaji wa raga. Ndoa hiyo haikudumu. Wakati huo huo ukame uliliangamiza shamba la baba yake, ambaye alifilisika na kuhamia Peru. Binti alibaki Kenya. Akiwa bado kijana mno alipata leseni ya ukufunzi wa farasi, kazi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameifanya nchini kabla yake, na mwaka 1926 farasi wake jike aitwaye Wise Child alishinda shindano la St Leger jijini Nairobi.

Ni katika miaka hiyo ya zizini ndipo suruali ilipokuwa vazi lake la kila siku. Hakuivaa ili kuwachokoza watu. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwafunga farasi hatamu, kuwapima miguu na kuwakimbiza kabla jua halijachomoza hawezi kuifanya kazi hiyo akiwa na rinda. Picha nyingi zilizobaki zinamwonyesha mrefu, mabega yamenyooka, amevaa shati jeupe na suruali, nywele fupi. Vilevile zipo picha zake katika magauni ya jioni. Hakulikimbia gauni wala hakulihitaji ili kujulisha watu kwamba yeye ni nani. Alibadilisha mavazi jinsi fundi anavyobadilisha chombo, na pengine ndiyo sababu waliomsengenya hawakujua washike wapi.

Kibii naye alikuwa amebadilika. Alipotahiriwa alitoka utotoni akiwa arap Ruta, mtu mzima mbele ya watu wake. Baadaye alikwenda kwa Beryl kutafuta kazi, akawa msaidizi wake kwa miaka mingi, kwanza kwenye farasi, kisha kwenye ndege. Beryl mwenyewe aliandika kwa huzuni kwamba yule aliyekimbia naye bega kwa bega sasa alitembea hatua moja nyuma yake. Msichana aliyevuka mpaka wa jinsia alikuwa amerejeshwa na ukoloni upande wa mabwana, na rafiki yake upande wa watumishi.

Mpaka huo ulionekana katika mavazi kuliko mahali pengine popote. Katika vilabu na nyumba za walowezi, mwanamume Mwafrika aliyepakua chakula alivalishwa kanzu nyeupe ndefu na mshipi kiunoni, na mtumishi wa nje alivalishwa kaptura kama mtoto hata kama alikuwa na wajukuu. Mwanamke wa Kizungu aliyeketi mezani angeweza kuwa amevaa suruali. Suruali ndefu katika Kenya ya wakati ule ilitangaza mamlaka kabla ya kutangaza uanaume, na mwenye mamlaka aliweza kuivaa hata kama ni mwanamke.

Mwanamke Mwafrika hakuwa na nafasi hiyo. Machi 1922, Beryl akiwa na umri wa miaka 19, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, Kiambu, ambaye miongoni mwa mambo mengine alikuwa amepinga kulazimishwa kwa wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru wa Weithaga, Murang'a, alijitokeza, akainua vazi lake na kuwataka wanaume walichukue, nao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa siku hiyo ya tarehe 16. Aliitaja suruali kwa maneno tu.

Mwaka 1927 Beryl aliolewa tena, safari hii na Mansfield Markham, Mwingereza tajiri, akapata jina ambalo dunia inamjua nalo. Mwana wao, Gervase, alizaliwa mwaka 1929 na kulelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba. Uhusiano wake na Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza, ulizua kashfa iliyomalizwa kwa Beryl kulipwa posho ya kila mwaka. Wanaomsifu huyapita haya kimyakimya. Lakini posho hiyo ni sehemu ya hesabu: ni rahisi kidogo kutojali maneno ya watu ikiwa mkate wako hautoki kwao. Na mtoto aliyeachwa ng'ambo aliachwa kama mama yake mwenyewe alivyoachwa na Clara.

Ndege ziliingia maishani mwake kupitia Tom Campbell Black, rubani mkuu wa shirika la Wilson Airways lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamke mwingine, Florence Kerr Wilson. Mei 1931 rafiki yake Denys Finch Hatton alikufa ndege yake ilipoanguka Voi. Ajali hiyo haikumrudisha nyuma, na mwaka huo huo akapata leseni yake ya kwanza. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo. Alibeba barua na abiria, alipeleka mizigo kwa wachimba dhahabu wa Kakamega, na aliwatafuta ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji kama Bror Blixen. Kazi hii ya mwisho leo inatia uchungu, lakini wakati ule ililipa vizuri. Arap Ruta ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia penye ndege.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, katika ndege ndogo ya aina ya Vega Gull, akielekea New York dhidi ya upepo. Baada ya zaidi ya saa 20 angani, sehemu kubwa gizani na mvuani, mafuta yaliacha kufika kwenye injini. Ndege ilitua kwa pua katika kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa, akiwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. New York ilimpokea kwa shangwe. Baadhi ya magazeti yalishughulika zaidi na uzuri wake na habari kwamba ni mama wa mtoto kuliko na hesabu za upepo na mafuta. Hakuwa ameshuka bado kutoka kwenye sifa hizo alipopata habari kwamba Campbell Black, mwalimu wake, ameuawa katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool tarehe 19 mwezi huo huo.

Alihamia Marekani, na mwaka 1942 akachapisha West with the Night, kitabu cha kumbukumbu za Njoro na za angani. Msomaji anayetafuta humo majuto au kujitetea kwa mwanamke aliyeishi kama wanaume hatayapata; mwandishi hasimami kueleza suruali yake hata mara moja. Kwa miaka mingi wako waliodai kwamba kitabu kiliandikwa na mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, na mjadala huo una hoja zake. Lakini wapo waliouingia kwa sababu tu hawakuamini kwamba mkono uliozoea hatamu na usukani ungeweza kushika kalamu.

Karibu na mwaka 1950 alirudi Kenya bila fedha, akaanza upya na farasi. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya kwanza ya Uhuru alikuwa miongoni mwa wakufunzi waliofanikiwa zaidi nchini, na farasi wake walishinda Kenya Derby mara 6. Waliokwenda kutazama mbio siku hizo walimzoea: mama mrefu mwenye suruali, akiwakagua wanyama wake kwa jicho lisilosamehe uzembe. Wanawake wengine uwanjani walivaa kofia za maua.

Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akiwa maskini na karibu kusahauliwa. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, kikauzwa kwa wingi, na wageni wenye kamera wakaanza kubisha hodi mlangoni kwa mwanamke aliyekuwa amekwisha kupita miaka 80. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu usiku ule alipoondoka Abingdon.