Edward Lear: Mtunzi wa Vichekesho na Siri ya Kifafa

Mwanafunzi wa fasihi akilisikia jina la Edward Lear aghalabu hukumbuka mambo mawili: bundi na paka waliosafiri baharini ndani ya mashua, na vile vishairi vifupi vya kuchekesha viitwavyo limeriki. Ni wachache wajuao kwamba mtunzi huyo aliishi na kifafa tangu utotoni hadi uzeeni, na kwamba aliwaficha jambo hilo hata marafiki aliosafiri nao na kulala nao chini ya paa moja. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuifuata siri hiyo, maana ndiyo iliyompangia siku zake.

Lear alizaliwa tarehe 12 Mei 1812 huko Holloway, London, katika familia ambayo mwenyewe alisema ilikuwa na watoto 21, yeye akiwa wa 20. Babake alikuwa dalali wa hisa. Mambo ya baba yalipokwenda mrama kifedha, mama alimkabidhi mtoto huyu, aliyekuwa na umri wa miaka minne hivi, kwa dada yake mkubwa, Ann, aliyemzidi kwa miaka 21. Ann hakuolewa. Alimlea kama mwanawe wa kumzaa, akamfundisha kusoma na kuchora. Mama naye hakumrejea, na uchungu wa kuachwa haukumtoka Lear maishani.

Kifafa kilimwanza akiwa na umri wa miaka 5 au 6. Muda si muda ikafuata huzuni nzito iliyokuwa ikimjia na kumwacha. Katika uzee wake alikumbuka jinsi alivyopelekwa, akiwa na miaka saba hivi, kutazama maonyesho ya wachezaji na bendi katika konde moja karibu na Highgate. Alifurahi mno, kisha usiku akalia kwa saa nyingi kwa sababu furaha ile ilikuwa imekwisha. Maradhi haya mawili aliyapa majina. Huzuni aliibandika jina la utani, kana kwamba ni mgeni msumbufu asiyebisha hodi. Kifafa alikiita pepo mbaya. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa, kwani hata kwetu wapo ambao bado huwahusisha wenye kifafa na mapepo, na wengine huogopa kumgusa aliyeanguka wakidhani povu lake linaambukiza. Katika Uingereza ya enzi hiyo wengi, wakiwemo madaktari, waliamini kwamba kifafa huletwa na mwenendo mchafu wa siri. Lear aliyaamini haya. Alijilaumu kwa kila tukio, akidhani kwamba laiti angekuwa na nia imara zaidi, asingeanguka.

Je, aliifichaje hali hiyo kwa zaidi ya miaka 60? Kwanza, mwili wake ulimpa ishara kabla ya kushikwa, naye akajifunza kuitambua. Aliposikia ishara hiyo aliaga wenzake, akajifungia chumbani hadi hali itulie. Pili, alipanga maisha yake kwa namna iliyomhakikishia mlango wa kufunga: alipendelea kuishi peke yake, na alijulikana kuwa mtu wa kuondoka ghafla. Tatu, aliandika. Shajara zake zilizosalia, zinazoanza mwaka 1858, zina alama ndogo mithili ya herufi X pembeni mwa tarehe, na tarakimu inayoonyesha ukali wa tukio. Ipo miezi ambayo alama hizo zimesongamana. Hakuna maelezo marefu. Alama tu, kisha habari za hali ya hewa, chakula na kazi. Binafsi naona kwamba alama hizi zinatufundisha mengi kumhusu kuliko barua zake, ambazo zimejaa mzaha.

Na kazi alifanya. Akiwa kijana asiyefika miaka 20 alianza kuchora kasuku waliofugwa katika bustani ya wanyama ya London, na kitabu chake chenye picha 42 za ndege hao kilikamilika mwaka 1832. Kilimvutia tajiri mmoja, ambaye baadaye alikuja kuwa Earl wa 13 wa Derby. Huyu alimwalika katika jumba lake la Knowsley awachore wanyama aliowafuga huko. Humo ndimo Lear alimoanza kuwatungia watoto vishairi vyake. Mnamo mwaka 1837 alihamia Roma, na tangu hapo akawa msafiri: Ugiriki, Albania, Misri, Petra, na hatimaye India miaka ya 1873 hadi 1875. Mnamo mwaka 1846 alimfundisha Malkia Victoria kuchora. Mwaka huohuo ndipo kitabu chake cha kwanza cha vichekesho kilipochapishwa, kwa jina la kubuni.

Hebu tuutazame umbo la limeriki zake. Mstari wa mwisho haumalizi kwa kina kipya, bali hulirudia neno la mwisho la mstari wa kwanza au wa pili. Malenga wetu aliyezoea kumalizia shairi kwa nguvu huenda akauona kuwa udhaifu. Lakini tazama kinachosimuliwa: mtu mmoja mwenye jambo lisilo la kawaida, labda pua ndefu au ndege ndevuni, na mbele yake kundi la watu wasiotajwa majina, ambao humhoji, humcheka, na pengine humpiga. Mwishowe mtu yule hurudi palepale alipoanzia. Sidai kwamba limeriki hizo zinahusu kifafa. Ila ni vigumu kuzisoma ukiijua siri ya mtunzi na usihisi ni nani aliyewaogopa wale wasio na majina.

Katika mapenzi siri ilimgharimu zaidi. Alimpenda Augusta Bethell, na mwaka 1866 alikaribia kumposa. Alipotaka ushauri wa dada ya binti huyo, alikatishwa tamaa, naye hakujaribu kwa dhati tena. Mwenzi wake wa kila siku akabaki Giorgio Cocali, mtumishi kutoka Corfu aliyekuwa naye tangu mwaka 1856. Ann alikuwa amefariki mwaka 1861.

Wakati huohuo sayansi ilikuwa ikisonga mbele. Mwaka 1857 daktari Charles Locock alitangaza huko London kwamba bromidi ilisaidia kupunguza kifafa, na katika miaka ya 1870 John Hughlings Jackson alieleza kuwa chanzo chake ni msukumo wa ghafla wa chembe za ubongo. Dawa ya fenobabitoni ilikuja mwaka 1912, Lear akiwa kaburini.

Miaka yake ya mwisho aliishi San Remo, Italia, pamoja na paka wake Foss. Hoteli ilipojengwa mbele ya nyumba yake na kumharibia mwanga wa kuchorea, alijenga nyingine. Inasimuliwa kwamba ramani ilikuwa ileile ili paka asipotee. Giorgio alifariki mwaka 1883, Foss mwaka 1887, na Lear mwenyewe tarehe 29 Januari 1888.

Wahenga walituonya kuwa mficha maradhi huumbuliwa na kifo. Lear hakuumbuliwa. Ilipita miaka 80 kabla ya Vivien Noakes, aliyezisoma shajara zile, kuchapisha mwaka 1968 wasifu uliozieleza alama hizo kwa umma. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na alama za X zingali pembeni mwa kurasa, kila moja na tarakimu yake.