Bwana Dunlop na Gurudumu la Upepo

John Boyd Dunlop alizaliwa Uskoti mwaka 1840. Hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mganga wa wanyama mjini Belfast, Ayalandi. Mwanawe alikuwa na baisikeli ya magurudumu matatu, magumu yasiyo na upepo, nayo ilimtikisa sana njiani penye mawe. Basi mwaka 1887 baba alitwaa kibao cha mviringo, akakizungushia mpira mwembamba, akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Kisha akakibingirisha uani, na gurudumu la baisikeli vivyo hivyo. Lile gumu lilianguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Bali la upepo lilikwenda hata likagonga lango, likarudi nyuma.

Februari 1888 magurudumu ya nyuma ya baisikeli ile yalitiwa mipira ya upepo, na mtoto akatoka usiku kuyajaribu. Mwaka uliofuata Willie Hume aliitumia mipira hiyo katika mashindano ya Belfast, akashinda.

Lakini hati ya uvumbuzi aliyopewa Dunlop ilibatilika, kwa kuwa Robert William Thomson, Mskoti mwenziwe, alikwisha kutangulia tangu miaka ya 1840. Kwa hiyo wengine ndio waliotajirika kwa mipira ile. Dunlop alifariki Dublin mwaka 1921, naye hakuwa tajiri mkubwa, ijapokuwa jina lake limeandikwa juu ya mipira hata leo.