Abebe Bikila: Alishinda Roma bila viatu, kisha jina lake likageuzwa kiatu

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, askari mmoja wa Ethiopia alianza mbio za maratoni akiwa miguu mitupu. Watazamaji wengi hawakumjua. Saa mbili na robo baadaye, giza likiwa limeingia na askari wa Italia wakimulika barabara kwa mienge, alifika wa kwanza kwenye Tao la Constantine. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wowote uliowahi kupimwa duniani. Abebe Bikila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipa nchi ya Afrika dhahabu ya Olimpiki katika maratoni.

Kuna wanaosema alikimbia hivyo kwa umaskini. Si kweli. Viatu alivyopata havikumfaa, vilimuumiza. Yeye na kocha wake, Onni Niskanen kutoka Sweden, wakaona afadhali akimbie jinsi alivyozoea mazoezini. Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye milima ya Shewa, na utotoni alichunga mifugo. Alipoingia jeshi la ulinzi wa mfalme Haile Selassie, nyayo zake zilikuwa zimekomaa kwa miaka mingi ya mawe na vumbi.

Siku ile Roma kulikuwa na jambo jingine. Karibu na mwisho wa njia ulisimama mnara wa Axum, ambao Waitalia waliupora Ethiopia mwaka 1937 walipoikalia nchi hiyo. Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo na kumwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, aliyefika sekunde 25 nyuma yake. Mnara wenyewe ulirudishwa nyumbani mwaka 2005 tu.

Wanaomsifu kwa miguu mitupu husahau Tokyo. Oktoba 1964, wiki tano hivi baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu na soksi, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika nne. Abebe alianza kunyoosha viungo kwenye nyasi kama mtu anayejiandaa kwa mbio nyingine. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda maratoni ya Olimpiki mara mbili. Kwake kiatu hakikuwa adui, mradi kisimbane.

Mexico 1968 mfupa wa mguu ulimsaliti, akaacha mbio njiani. Mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Machi 1969 gari lake dogo aina ya Volkswagen lilipinduka, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na huko akashindana kulenga mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Mfalme alihudhuria mazishi.

Mwaka 2010, wakati watu wengi wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakitafuta viatu vyepesi vya kukimbilia, kampuni ya Vibram ilitoa kiatu chembamba chenye vidole vitano na kukiita Bikila. Vibram ni ya Italia, nchi ile ile. Wengi waliovaa viatu vya aina hiyo walitaka kukimbia kama Abebe baada ya wiki chache, wakati yeye alianza akiwa mtoto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipima wakimbiaji waliohamia viatu hivyo kwa wiki 10: zaidi ya nusu yao walionyesha dalili za mifupa ya mguu kuzidiwa. Mwaka uliofuata Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja kuhusu faida za afya ilizotangaza, bila kukiri kosa.

Familia ya Abebe nayo ilishtaki Marekani mwaka 2015, ikisema jina la baba yao limetumiwa bila ruhusa. Mwaka uliofuata jaji aliitupa kesi hiyo, kwa maelezo kwamba walichelewa mno kulalamika.