Spicer-Simson na Motaboti za Petroli Ziwani Tanganyika

Kila aliyesoma Mwandiga anaijua barabara ya kuteremkia Kigoma, na kila aliyefika bandarini amesikia habari za meli ya Liemba. Lakini mtu aliyeletwa kupigana na meli hiyo, wakati ingali ya Wajerumani, hazungumzwi sana kwetu. Naye ni Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Maisha yake yanafaa kusomwa, kwani ndani yake tunaona jinsi petroli ilivyoingia katika vita vya ziwa letu na kuzishinda kuni. Tena tunaona ni nani hasa waliobeba mzigo wa mabadiliko hayo.

Spicer-Simson alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1876. Akiwa na umri wa miaka 14 alijiunga na jeshi la majini. Miaka mingi alifanya kazi ya kupima mito na kuichorea ramani, kwanza China na baadaye Gambia. Kazi hiyo aliiweza vizuri, ila alikuwa mtu wa kujisifu mno, na mikosi haikumwacha. Mnamo Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, Niger, mojawapo ya manowari zilizokuwa chini yake, ilizamishwa karibu na pwani ya Uingereza hali yeye mwenyewe yuko nchi kavu. Baada ya hapo akawekwa ofisini.

Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa mabwana wa Ziwa Tanganyika. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ziwani walikuwa na meli za mvuke Hedwig von Wissmann na Kingani. Ya tatu, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli na kuungwa upya Kigoma. Ikateremshwa majini Februari 1915. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, hivyo makaa ya mawe ya ng'ambo hayakuweza kutegemewa, na meli hizo ziliendeshwa kwa kuni. Kuni zilipatikana ufukoni, lakini zilitaka watu wengi wa kuzikata na kuzipakia, zilijaza nafasi melini, na chombo hakikuweza kung'oa nanga mpaka maji ya tanuru yachemke.

Huko Uingereza mambo yalikuwa yamekwisha anza kugeuka. Jeshi la majini lilikuwa likiunda manowari kubwa za kuendeshwa kwa mafuta badala ya makaa, na mwaka 1914 serikali yao ilinunua hisa nyingi za kampuni ya Anglo-Persian, iliyokuwa ikichimba mafuta Uajemi. Basi mwaka 1915 mwindaji mmoja aitwaye John Lee alipoleta shauri kwamba motaboti ndogo za petroli zipelekwe Tanganyika, shauri lilikubaliwa. Spicer-Simson akapewa uongozi, pamoja na watu wasiozidi 30.

Motaboti hizo mbili zilikuwa za mbao, urefu wa meta 12 hivi, kila moja na mzinga mdogo mbele, na mwendo wake uliziacha mbali meli zote za Wajerumani ziwani. Spicer-Simson aliziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa ya kumtajia paka na mbwa. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu, maana jina la Mimi lilimfaa kabisa bwana huyo.

Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town, kisha zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Zilikokotwa kwa zaidi ya kilometa 200 kupitia misitu na milima ya Mitumba, kwa injini mbili za mvuke zilizokula kuni na kunywa maji mengi. Wenyeji walifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyabeba vichwani kutoka mbali. Penye mlima mkali, ng'ombe na wanaume walivuta kamba. Halafu ukafuata Mto Lualaba, kisha treni tena, hadi zikafika Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie, mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo motaboti za petroli zilifika ziwani kwa nguvu za kuni, za ng'ombe na za watu.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa katika mapigano ya dakika chache. Waingereza waliitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ikatokea Hedwig von Wissmann. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana wazi. Spicer-Simson alikuwa ndani ya Fifi, iliyochoma kuni, na Hedwig ilizidi kumwacha. Mimi ikapita mbio, ikaishambulia kutoka nyuma na kuilazimisha kugeuka, hata Fifi ikapata kuikaribia na kuizamisha.

Wenyeji wa Lukuga walimwita Bwana Chifungatumbo, kwa sababu ya vazi lake kama sketi. Lakini siku moja tu baada ya ushindi huo Graf von Götzen ilionekana, naye akakataa kuifuata. Wengi wamemlaumu kwa woga. Hata hivyo meli ile ilikuwa na urefu wa karibu meta 70 na mzinga mkubwa. Huenda wepesi wa motaboti usingetosha. Mwishowe ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu mwezi Juni 1916, na tarehe 26 Julai Wajerumani wenyewe wakaizamisha, wakiisha kuzipaka injini zake grisi nzito.

Mwaka huo huo Spicer-Simson alirudishwa kwao akiwa mgonjwa. Tangu 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari mjini Monaco. Alifariki Kanada mwaka 1947. Ile meli aliyoiogopa iliibuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba, na katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikaondolewa, zikawekwa za dizeli.

Injini mpya haiondoi jasho, huliweka mahali pengine tu. Jina la Spicer-Simson limo vitabuni, na ya wale waliobeba maji hayamo. Vijana wa somo la Historia, waulizeni wazee wenu walichosimuliwa na wazazi wao juu ya vita ile, mkaandike, kabla habari hizo hazijapotea.