Mekatilili wa Menza: Msome kama hadithi, utamwelewa zaidi

Ukifika Malindi utaikuta sanamu yake kwenye bustani pale mjini. Wengi hupiga selfi na kwenda zao. Ukiwauliza huyu mama alifanya nini, utaambiwa alipigana na Wazungu, basi. Jibu hilo si baya, ila ni kama kusema riwaya nzima inahusu mapenzi. Hebu leo tumsome Mekatilili vile unavyoisoma tamthilia ya shule: jina, mandhari, mgogoro, ishara, kinaya. Utashangaa ni mengi kiasi gani ulikuwa unayapita.

Anza na jina. Alizaliwa katika karne ya 19 huko Ganze, Kilifi, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Katilili, ndipo akaitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Sasa usikimbilie kuandika kwamba haya ni majazi. Majazi ni jina linaloendana na tabia ya mhusika. Hili ni jina la heshima ya uzazi, na linakuambia jamii yake ilimtazama kwanza kama mama. Liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Kisha tafuta chanzo cha mgogoro. Simulizi za Wagiriama zinasema alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume, na mmoja wao, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Msomaji wa haraka ataliruka hilo. Wewe usiliruke. Mkoloni alipokuja baadaye kutaka vijana wakafanye kazi mbali na kwao, mwanamke huyu hakuwa akisikia habari ngeni. Alishaona mtu akiondolewa nyumbani na nafasi yake ikabaki tupu. Mhusika mzuri ana sababu ya kufanya anachofanya, na sababu hiyo mara nyingi imefichwa mapema kabisa.

Kuna pia kiangaza mbele. Wagiriama wanasimulia kuhusu Mepoho, mwanamke mtabiri aliyeishi kabla yake, aliyetabiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa mila. Swali la kujiuliza hapa si utabiri ulitimia au la. Jiulize unafanya kazi gani ndani ya hadithi. Unamwandaa msikilizaji, na unamwekea Mekatilili njia: kabla yake tayari kulikuwa na sauti ya mwanamke iliyosikilizwa.

Kuku na kifaranga

Twende kwenye kilele. Mwaka 1912 Waingereza walimleta Arthur Champion kusimamia Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi. Mekatilili, ambaye wakati huo alikuwa mjane, alizunguka vijijini akikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga. Simama hapo kidogo. Mbona ngoma ya msiba? Ukichambua wimbo au shairi, usiangalie vina na mizani pekee. Angalia unaimbwa wapi, na nani, kwa tukio gani. Ngoma ya msiba ikichezwa mahali ambapo hakuna maiti, anayeombolezwa ni nani? Kila aliyeisikia angeweza kujaza jibu: ardhi, mila, watoto. Watu pia waliapa viapo viwili, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hawatashirikiana na mkoloni.

Agosti 1913 Champion aliitisha mkutano. Hapo ndipo inaposimuliwa kwamba Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Mzungu aliponyoosha mkono, mama kuku akamdonoa. Ujumbe ukafika bila hotuba ndefu: ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu.

Hiyo ndiyo jazanda. Kuku ni wazazi wa Kigiriama, vifaranga ni vijana wanaotakiwa na serikali. Lakini usiishie kulinganisha. Jiulize kwa nini kuku, si simba? Kwa sababu kuku yupo kila boma, kila mtu ameshadonolewa. Pia kuku ni mnyonge anayejua kwamba ni mnyonge, na bado anapigana. Sasa rudia lile jina, mama yake Katilili. Umeona? Jina na ishara vinasema kitu kimoja.

Utasikia pia masimulizi tofauti. Wengine husema Champion alitoa bunduki akampiga kuku risasi. Wengine husema Mekatilili alimzaba kofi. Usihangaike kuchagua moja kana kwamba uko mahakamani. Katika fasihi simulizi, kila msimulizi ana hadhira yake na kusudi lake. Risasi inaonyesha ukatili wa mkoloni, kofi linaonyesha ujasiri wa mama. Kazi yako ni kusema kila toleo linasisitiza nini.

Kinaya cha mkoloni

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Waliomhamisha walidhani mbali na kwao atanyamaza. Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakaanza safari ya mamia ya kilomita kurudi Pwani. Kumbe adhabu iliyokusudiwa kumfanya asahaulike ndiyo iliyomkuza.

Kinaya kingine: tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza iliyoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti ili kuvunja nguvu za Wagiriama. Badala ya utulivu, mapigano yakazuka. Mekatilili alikamatwa tena, na Wagiriama wakafukuzwa kutoka ardhi yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki. Hapa hadithi haikupi ushindi rahisi, na usiulazimishe. Watu walikufa, nyumba zilichomwa.

Alirudi kwao mwaka 1919. Inaelezwa kwamba aliongoza baraza la wanawake, Wanje akiongoza la wanaume. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini.

Malizia na mandhari basi. Magarini iko kaskazini mwa Sabaki, upande uleule ambao watu wake waliambiwa wahame. Hilo huhitaji kuambiwa na mwalimu. Fungua ramani, tafuta mto, kisha tafuta kaburi. Halafu chukua kitabu chako cha fasihi, na kila unapokutana na jina, mahali au mnyama, uliza swali lilelile: kwa nini hiki, na si kingine?