William Ramsay na Gesi Mvivu ya Olduvai

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi wadogo zetu mlio madarasani sasa,

Wengi wetu tulipelekwa Bonde la Olduvai tukiwa wanafunzi. Tulionyeshwa mahali Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, tukatajiwa umri wake, miaka milioni 1.75, tukauandika daftarini. Umri huo ulijulikanaje, sikumbuki aliyeuliza. Jibu lake laanzia kwa mkemia wa Scotland, William Ramsay.

Ramsay alizaliwa Glasgow mwaka 1852, na tangu 1887 alikuwa profesa wa kemia katika University College, London. Mwaka 1892 mwanafizikia Lord Rayleigh alieleza jambo lililomsumbua: naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kuliko ile iliyotengenezwa kwa kemikali. Tofauti yenyewe ilikuwa kama nusu ya asilimia moja. Sisi maabarani tungeifuta na kuandika jibu la kitabuni (nakiri niliwahi kufanya hivyo). Ramsay hakuifuta. Aliipitisha naitrojeni ya hewani juu ya magnesiamu iliyopashwa moto sana, tena na tena, hata naitrojeni ikaisha. Ikabaki gesi kidogo isiyojulikana.

Agosti 1894 yeye na Rayleigh waliitangaza mjini Oxford. Wako wakemia waliokataa kuamini, maana gesi hiyo haikukubali kuungana na kitu chochote. Ikaitwa agoni, yaani mvivu kwa Kigiriki. Kumbe ni karibu asilimia moja ya hewa tuivutayo! Baadaye Ramsay alipata heli, kisha, pamoja na Morris Travers, neoni, kriptoni na zenoni. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini naye aliteleza. Mwaka 1907 alidai kuwa shaba yaweza kugeuka lithiamu. Mwaka uliofuata Marie Curie na Ellen Gleditsch walirudia jaribio kwa chombo cha platini badala ya kioo, wasiione lithiamu. Mtu aliyepata sifa kwa kutodharau kitu kidogo, kitu kidogo kilimponyoka. Alifariki mwaka 1916.

Uvivu wa agoni ndio uliotufaa sisi. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo mwambani hugeuka polepole sana kuwa agoni. Mwamba ukiyeyuka ndani ya volkano, agoni ya zamani hutoroka. Ukishapoa, agoni mpya hunaswa humo na kuongezeka mwaka hata mwaka, haiungani na chochote. Basi ukipima potasiamu na agoni, wapata umri.

Majivu ya mlima Olmoti, jirani ya kreta yetu ya Ngorongoro, yaliangukia kingo za ziwa la kale lililokuwa Olduvai na kufunika mifupa. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, Marekani, waliyapima majivu yaliyokuwa pamoja na fuvu. Louis Leakey alikuwa amekisia miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 ilimbidi aizidishe karibu mara tatu.